Mshono Unaokagulika: Programu Huria na Uungaji wa Picha Pana kutoka Mwinuko wa Kiriri, Bujumbura

Ikisiri

Kutoka miinuko ya Kiriri, picha pana moja inaweza kukusanya mji wa Bujumbura, ufuo wa Ziwa Tanganyika, uwanda wa Mto Rusizi na milima ya Kongo. Katika kipindi ambacho maji ya ziwa yamepanda na mito ya mjini imemega kingo zake, picha za namna hii zina nafasi ya kutumika kama ushahidi katika upangaji wa mji. Makala haya yanafafanua jinsi picha pana zinavyopigwa na kuungwa kwa programu huria, hususan Hugin, na yanatumia hesabu ya kielelezo kuonesha ukubwa wa kosa linaloweza kujificha katika mshono mmoja. Hoja kuu ni kwamba thamani ya picha pana kama ushahidi haitokani na uzuri wake, bali na uwezekano wa mtu mwingine kukagua namna ilivyoungwa na kuiunga upya. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera.

Maneno makuu: picha pana, programu huria, Hugin, Kiriri, Ziwa Tanganyika, ushahidi wa picha

1.0 Utangulizi

Picha pana ni picha moja iliyotokana na picha kadhaa zilizopigwa kutoka mahali pamoja huku kamera ikizungushwa, kisha zikaungwa kwa kompyuta. Mtazamaji huipokea kama mtazamo mmoja wa jicho moja. Kwa hakika, nyuma ya mtazamo huo pana maamuzi mengi: picha ipi ikunjwe na kwa kiasi gani, mstari wa mshono upite wapi, na pale picha mbili zinapotofautiana ni ipi ipewe nafasi. Kazi ikifanywa vizuri maamuzi hayo hayaonekani. Kutoonekana huko ndiko kunakoipendeza kazi ya mpiga picha wa kitalii, na ndiko kunakoitia shaka kazi hiyohiyo inapowekwa mezani mwa mtunga sera.

Suala hili si la nadharia tupu mjini Bujumbura. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa hifadhi wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nyumba iliyo ndani ya ukanda na nyumba iliyo nje yake hazina hatima moja, na ufuo unaposogea swali la ulikuwa wapi hapo awali huwa swali la mali na makazi ya watu. Katika mgogoro wa aina hiyo, anayeleta picha ya zamani na kuilinganisha na ya sasa hupata sikio la wengi. Kwa hiyo ni muhimu kujua picha hiyo inaweza kusema nini, na ni nini haiwezi kukisema.

Makala haya yanaeleza kwanza sifa za Kiriri kama kituo cha kupigia picha, kisha chimbuko la programu huria za uungaji, hatua za kazi yenyewe, hesabu ya makosa, na mwisho nafasi ya faili la mradi kama kumbukumbu ya kisayansi.

2.0 Kiriri kama kituo cha kutazamia

Mtaa wa Kiriri umekaa kwenye miteremko ya mashariki ya Bujumbura, mahali uwanda wa ziwa unapokutana na vilima. Huko iko kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, na jirani yake, Vugizo, liko kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Anayesimama kwenye miinuko hiyo akielekea magharibi huona katikati ya mji, bandari na ziwa. Ng'ambo ya maji husimama milima ya Kongo juu ya Uvira. Kaskazini-magharibi hutandaa uwanda ambamo Rusizi huingia ziwani.

Mandhari hiyo imebadilika mbele ya macho ya wakazi. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, Lukuga, upande wa Kongo, na kwa sababu hiyo kina chake hufuata kwa ukaribu mwenendo wa mvua na uvukizaji. Lilipanda sana katika miaka ya 1960, kufuatia mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, na limepanda tena katika miaka ya karibuni. Kuanzia Aprili 2020 mafuriko ya Rusizi yaliwahamisha maelfu ya watu wa Gatumba. Upande wa vilimani, usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 maji yaliyoteremka kutoka miinukoni yalivamia mitaa ya kaskazini ya mji na kuua zaidi ya watu 60. Mto Ntahangwa, unaopita kaskazini ya Kiriri, umeendelea kumega kingo zake na kutishia makazi ya Mugoboka. Ziwa linausogelea mji kutoka magharibi, nayo makorongo yanaulia kutoka mashariki. Kiriri iko mahali panapowezesha kutazama pande zote mbili.

Hata hivyo, kituo hiki kina masharti yake. Kwa kuwa kinatazama magharibi, asubuhi jua huwa mgongoni mwa mpiga picha na kuangaza mji, ilhali alasiri humulika moja kwa moja ndani ya lenzi. Wakati wa kiangazi kikuu, kuanzia Juni hadi Septemba, ukungu wa vumbi na moshi huificha milima ya Kongo, ambayo ndiyo alama thabiti kuliko zote katika mandhari hii. Asubuhi baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, ndiyo saa ya kazi. Aidha, Kiriri ni mtaa wenye majengo ya Serikali. Upigaji wa picha huko unahitaji ruhusa ya mamlaka kabla ya kamera kutolewa mfukoni.

Upigaji wa picha pana kwa ajili ya kurudiwa baadaye si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka 1906 mpiga picha Mwitalia Vittorio Sella alipanda milima ya Rwenzori pamoja na msafara wa Mtawala wa Abruzzi na kupiga picha pana za vilele na barafu yake. Picha hizo zimekuwa kipimo cha kulinganishia, kwani barafu iliyoonekana wakati ule imepungua mno; kufikia mwanzo wa karne ya 21 ilikuwa imebaki takriban kilomita ya mraba 1. Sella hakupiga picha hizo kwa nia ya kupima mabadiliko ya tabianchi. Zilifaa kwa sababu vituo vyake viliweza kutambuliwa na mtu mwingine, na nakala zake zikahifadhiwa.

3.0 Chimbuko la programu huria za uungaji

Programu huria ni programu ambayo leseni yake humruhusu mtumiaji kuitumia kwa lengo lolote, kusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuugawa kwa wengine. Kutolipiwa ni tokeo tu la uhuru huo, wala si maana yake. Zipo programu za bure zisizo huria, hasa zile zilizomo ndani ya simu za mkononi, ambazo huunga picha pana kwa kubonyeza kitufe kimoja bila kueleza zilichofanya.

Msingi wa uungaji huria uliwekwa mwaka 1998, pale Mjerumani Helmut Dersch alipotoa mkusanyiko wa zana ulioitwa Panorama Tools. Zana hizo zilikuwa na hisabati yote inayohitajika, lakini zilimtaka mtumiaji aandike maelekezo kwa mkono. Baadaye Pablo d'Angelo alianzisha Hugin, programu iliyozipa zana hizo madirisha na vitufe, na jumuiya ya watu wa kujitolea imeiendeleza tangu hapo. Andrew Mihal aliandika Enblend, inayoficha mshono, kwa kutumia mbinu iliyochapishwa na Burt na Adelson mwaka 1983: maumbo makubwa kama anga huchanganywa katika ukanda mpana, na vitu vidogo kama kingo za mapaa katika ukanda mwembamba, ili kusitokee mstari wala kivuli maradufu.

Historia hii ina funzo la kisheria pia. Kwa muda mrefu njia mashuhuri zaidi ya kutafuta alama zinazofanana katika picha mbili ilikuwa SIFT, iliyobuniwa na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na kuelezwa hadharani mwaka 1999. Njia hiyo ililindwa kwa hataza nchini Marekani hadi mwaka 2020. Badala ya kuitegemea, jumuiya ya Hugin iliandika kitafutaji chake kiitwacho cpfind, kisichofungwa na hataza hiyo. Taasisi ya umma inayochagua zana za kutunzia kumbukumbu haina budi kuuliza si bei tu, bali pia ni nani mwenye haki ya kuifunga zana hiyo kesho.

Kwa taasisi za Bujumbura pana faida nyingine ya kiutendaji. Hugin ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi yote humohumo. Picha hazipandishwi kwenye seva ya mbali. Mtafiti hahitaji intaneti ya kasi, na picha za mtaa wenye majengo nyeti hazitoki mikononi mwake.

4.0 Upigaji wa picha

Makosa mengi yanayolaumiwa kwenye programu huwa yametendwa tayari mbele ya mandhari. Kosa la kwanza ni paralaksi. Mtu akifumba jicho moja kisha akabadilisha, kidole kilicho mbele ya uso huonekana kuruka kuhusiana na ukuta ulio nyuma yake. Kamera inayozungushwa kuzunguka mwili wa mpiga picha hufanya vivyo hivyo: nguzo iliyo karibu hubadili mahali pake kuhusiana na jengo la mbali, na hakuna hesabu inayoweza kuzilinganisha picha hizo kikamilifu. Dawa yake ni kuizungusha kamera kwenye nukta tulivu ya lenzi, yaani nukta ambayo mzunguko ukipita hapo vitu vya karibu na vya mbali havisogeleani. Nukta hiyo hupatikana kwa majaribio: vijiti viwili hupangwa mbele ya kamera kwenye mstari mmoja, na kamera husogezwa mbele au nyuma juu ya stendi ya miguu mitatu hadi vijiti visitengane inapozungushwa.

Pili, mipangilio yote ya kamera hufungwa kwa mkono: kiasi cha mwanga, mizani ya rangi, fokasi na urefu wa lenzi. Kamera ikiachwa ijiamulie, ziwa linalong'aa litapigwa kwa mwanga mdogo na miteremko ya kijani kwa mwanga mwingi, na mshono utakuwa mpaka wa saa mbili tofauti za siku.

Tatu, kila picha irudie takriban asilimia 30 ya picha iliyotangulia. Chukulia kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 50, ikiwa imesimamishwa wima. Pembe yake ya mwono kwa upana ni takriban nyuzi 27. Picha ya kwanza hufunika nyuzi 27, na kila inayofuata huongeza nyuzi 19 hivi; kwa hiyo picha 6 zinatosha kufunika nyuzi 120 za mandhari ya mji na ziwa. Picha hizo zipigwe kwa haraka, kwa sababu mawingu na mashua havimsubiri mtu.

5.0 Hatua za uungaji

Kazi ndani ya Hugin hupitia hatua nne. Ya kwanza ni kuweka alama unganishi. Alama unganishi ni nukta mbili, moja katika kila picha, zinazoonesha kitu kimoja: pembe ya paa, ncha ya mnara, jiwe la gati. Programu huzitafuta yenyewe, lakini haijui maana ya kinachoonekana. Inaweza kuoanisha ukingo wa wingu katika picha ya kwanza na ukingo wa wingu hilohilo katika picha ya pili, ilhali wingu limekwishasogea. Au ikaoanisha wimbi na wimbi lingine. Hugin ina zana ya kuondoa alama zilizoangukia mawinguni, lakini ukaguzi wa macho hauna mbadala. Katika mandhari ya Kiriri hatari iko wazi: alama hujazana kwenye majengo ya katikati ya mji, ambako kuna pembe nyingi, na hukosekana ufuoni, ambako ndiko swali la utafiti liliko. Mtafiti anapaswa kuongeza kwa mkono alama za bandarini na kwenye mapaa yaliyo karibu na maji.

Hatua ya pili ni ulinganishaji. Programu hukokotoa mwelekeo wa kila picha, yaani kiasi ilichogeuzwa kulia au kushoto, kuinamishwa na kulazwa, pamoja na namna lenzi inavyopinda mistari, hadi jumla ya umbali kati ya alama zinazopaswa kukutana iwe ndogo iwezekanavyo. Matokeo hutolewa kwa pikseli: wastani wa kosa na kosa kubwa kuliko yote. Wengi husoma wastani na kuridhika. Wastani mdogo unaweza kutokana na alama mia moja nzuri za mjini zilizofunika alama mbili mbaya za ufuoni.

Katika hatua hiyohiyo picha husawazishwa isilale upande. Hapa Kiriri ina mtego wake. Mtu huvutika kuutumia ukingo wa maji wa ng'ambo kama mstari wa mlalo. Ukingo huo si upeo wa macho. Umbali wake hubadilika kutoka kaskazini kwenda kusini, na kwa hiyo kimo chake machoni hubadilika pia. Ni salama zaidi kutumia mistari wima ya majengo marefu, ambayo Hugin huikubali kama alama za aina ya pekee.

Hatua ya tatu ni kuchagua projeksheni, yaani namna ya kulaza uso wa duara kwenye karatasi bapa. Projeksheni ya mistari nyoofu huhifadhi unyoofu wa kuta, lakini huvuta pembeni kupita kiasi pembe inapokaribia nyuzi 120. Projeksheni ya silinda huipa kila nyuzi ya mzunguko upana uleule, na hivyo hufaa kwa kulinganisha maeneo ya picha, ingawa barabara iliyonyooka inaweza kuonekana imepinda. Hakuna projeksheni isiyodanganya kabisa. Kilicho muhimu ni kuitaja iliyotumika.

Hatua ya nne ni uchanganyaji. Enblend huamua mstari wa mshono upite wapi na picha ipi ionekane kila upande. Mashua iliyosogea kati ya picha mbili inaweza kuonekana mara mbili, kukatika, au kutoweka. Hugin humruhusu mtumiaji kuchora kinyago kinacholazimisha sehemu fulani itoke katika picha fulani. Ni uwezo muhimu, na ni uwezo unaohitaji uaminifu, kwa sababu kinyago kinachoondoa mashua kinaweza kuondoa nyumba.

6.0 Mshono ukigeuka mita

Hesabu ifuatayo ni ya kielelezo, lakini vipimo vyake vinafanana na hali ya Kiriri. Chukulia kituo kilicho mita 150 juu ya ziwa, na ufuo ulio umbali wa kilomita 4. Ikiwa kila picha ina upana wa pikseli 4,000 katika nyuzi 27, picha pana ya nyuzi 120 itakuwa na upana wa takriban pikseli 17,800. Kwa umbali wa kilomita 4, pikseli moja hufunika karibu nusu mita ya upana, kutoka kusini hadi kaskazini. Kwa kipimo hicho paa jipya au ukuta uliobomoka huonekana bila shida.

Hali ni tofauti kwa kina, yaani kutoka kwa mtazamaji kuelekea ziwani. Kwa kuwa kamera hulitazama eneo hilo kwa mlalo wa nyuzi 2 tu, ardhi hubanwa mno: pikseli moja hufunika takriban mita 12.5. Ukanda wote wa mita 150 unaotajwa na sheria huwa na kimo cha pikseli 12 hivi katika picha. Kosa la mshono la pikseli 3, ambalo halionekani kwa macho na ambalo programu nyingi hulipitisha kimya, ni sawa na karibu mita 38 za ardhi. Hiyo ni robo ya ukanda mzima.

Kosa la kituo si dogo pia. Mtafiti akirudi baada ya miaka mitano na kuiweka kamera mita 1 juu zaidi ya mara ya kwanza, ufuo utashuka katika picha kwa takriban pikseli 2 kuhusiana na milima ya mbali. Msomaji asiyejua atasema ufuo umesogea zaidi ya mita 20 kuelekea mjini, ilhali kilichosogea ni stendi ya kamera.

Hesabu hizi zinatenganisha maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Picha pana kutoka Kiriri inafaa kwa mabadiliko yanayoonekana kwa upana: kuongezeka kwa mapaa kandokando ya ufuo, kupanuka kwa korongo linalotazamwa kutoka ubavuni, kubomoka kwa daraja, kupotea kwa miti kwenye mteremko. Haifai, ikiwa peke yake, kuamua umbali wa nyumba fulani kutoka majini. Swali hilo ni la kipimo cha kina cha maji bandarini, picha za setilaiti zinazotazama kutoka juu, na mpimaji ardhi aliyesimama uwanjani. Mshauri wa sera atakayeitumia picha pana kwa swali la pili atakuwa ameupa mshono mmoja mamlaka ya kuhamisha familia.

7.0 Faili la mradi kama kumbukumbu

Hapa ndipo tofauti kati ya programu huria na kitufe cha simu inapojitokeza. Hugin huhifadhi kazi katika faili la mradi ambalo ni maandishi ya kawaida, yanayosomeka kwa programu yoyote ya kuandikia. Mstari unaoanza na herufi p hutaja projeksheni na ukubwa wa picha ya mwisho. Mistari inayoanza na i hutaja kila picha, mwelekeo wake na sifa za lenzi. Mistari inayoanza na c huorodhesha kila alama unganishi, pamoja na mahali pake katika picha zote mbili. Vinyago pia huandikwa humo. Maamuzi yote ya muungaji yamewekwa wazi katika kurasa chache.

Kwa hiyo mtafiti wa pili, awe Gitega, Kigoma au Uvira, akipewa picha asilia na faili hilo, anaweza kuiunga picha pana upya, kuhesabu ni alama ngapi ziliwekwa ufuoni, kuona kosa la kila moja, na kukubali au kukataa hitimisho. Hata asipoiamini programu yenyewe, msimbo wake uko wazi kukaguliwa. Tena anaweza kuziweka picha za miaka miwili tofauti katika mradi mmoja, akaweka alama unganishi kwenye vilele vya milima ambavyo havijasogea, na kuona ni nini kilichobadilika chini yake. Picha iliyoungwa na simu humwachia mkaguzi kitu kimoja tu: picha yenyewe.

Uwazi huo una upande wa lugha pia. Maneno yanayoonekana kwenye madirisha ya programu huria hukaa katika mafaili yanayoweza kutafsiriwa bila kuomba kibali cha kampuni. Mfano wa Afrika Mashariki upo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kiswahili kina makao ya zamani mjini Bujumbura, hasa Buyenzi. Istilahi zilizotumika katika makala haya, kama vile alama unganishi, mshono, pembe ya mwono, nukta tulivu na kinyago, zinatokana na maneno ambayo fundi cherehani au seremala wa Buyenzi angeyaelewa bila kamusi. Mkazi anayeambiwa nyumba yake imo katika ukanda ana haki ya kuelezwa ushahidi huo kwa lugha anayoweza kuuhojia.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, taasisi yoyote ya umma inayopokea picha pana kama sehemu ya ripoti idai vitu vitatu kwa pamoja: picha asilia zisizoguswa, faili la mradi, na maelezo ya kituo. Picha pana isiyo na vitu hivyo ipokewe kama kielelezo tu, isipokewe kama ushahidi.

Pili, vituo vya kudumu viwekwe Kiriri na Vugizo kwa ruhusa ya mamlaka husika. Kila kituo kiwe na alama ya saruji, kimo cha kamera kilichoandikwa, na ratiba ya kupiga picha asubuhi, nje ya kipindi cha ukungu wa kiangazi. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya mfululizo wa miaka 20.

Tatu, ripoti itaje kosa la alama unganishi katika eneo linalojadiliwa, pamoja na tafsiri yake kwa mita kwa pande zote mbili, upana na kina. Wastani wa picha nzima usitosheleze.

Nne, faragha ilindwe. Picha yenye uwezo wa kuonesha nusu mita kwa umbali wa kilomita 4 huonesha nyua za watu walio karibu zaidi. Nakala za kuchapishwa zipunguzwe ukubwa, na nakala kamili zitunzwe chini ya masharti yanayojulikana.

Tano, vyuo vikuu vya ukanda huu viingize uungaji wa picha kwa programu huria katika mafunzo ya jiografia na upangaji miji, pamoja na mwongozo wa Kiswahili.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba picha pana kutoka Kiriri ni chombo chenye nguvu na chenye mipaka. Nguvu yake ni kukusanya mji, ziwa na vilima katika mtazamo mmoja unaoweza kurudiwa kwa miaka mingi kwa gharama ndogo. Mpaka wake ni kwamba pikseli chache za kosa zinaweza kuusogeza ufuo kwa makumi ya mita kwenye karatasi, na kuwasogeza watu kwa hakika. Programu huria haiondoi makosa hayo. Inachokifanya ni kuyaacha mahali yanapoweza kuonekana, kuhesabiwa na kubishaniwa na mtu asiyekuwapo siku picha ilipopigwa. Kwa mji unaopaswa kuamua nani abaki na nani ahame kandokando ya maji yanayopanda, hilo ndilo sharti la chini ambalo ushahidi wa picha unapaswa kulitimiza.